Aya ya 133

Wahakiki wetu wanapenda riwaya. Sina shida na hilo, mimi pia nazipenda, na kuziandikia kumenilipia kodi ya nyumba mara mbili tatu. Lakini ukiniuliza ni maandishi gani yamegusa maisha ya Wakenya wengi kuliko riwaya yoyote, nitakutajia aya moja katika waraka wa serikali ambao hakuna mtu anausoma kwa raha: Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, wakati Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Nilipewa fotokopi yake chuoni, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho pale ambacho bado nakifungua.

Aya ya 133 inasema hivi, kwa maneno yangu. Ili uchumi wote ukue haraka, pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi. Halafu inataja pale ni wapi: penye maliasili, ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo.

Rudi hapo kwenye umeme. Stima ya mwaka 1965 ilikuwa wapi? Ilikuwa Nairobi, Mombasa, na miji iliyohudumia mashamba ya walowezi. Mkoloni alisimika nguzo kwa manufaa yake, kisha serikali huru ikaja ikazihesabu nguzo zile kama sifa ya ardhi yenyewe, kama rutuba. Mvua na nyaya ziko katika orodha moja, kana kwamba zote zilishuka kutoka mawinguni. Kwa hiyo mwenye stima anastahili kuongezewa kwa sababu ana stima. Na asiye nayo? Aya inamtuliza kwamba faida itakayopatikana kule inaweza kutumika huku kwake. Inaweza. Kitenzi hicho kimebeba nusu ya nchi kwa miaka sitini.

Halafu wale watu "walio tayari". Huu sio uchumi tena, ni uchoraji wa wahusika. Waraka ulipoandikwa, kaskazini mashariki yote ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963, wanajeshi kila mahali. Mtu anayeishi hivyo anaonyeshaje utayari wake? Aya haisemi, na haimtaji mtu yeyote kwa jina. Hakuna Mrendille, hakuna Mturkana, hakuna Mgabra, kuna "maeneo" tu.

Tukizungumzia upendeleo wa kisiasa kwa kawaida tunataka sauti ya mtu. Tunakumbuka enzi za Moi, siasa mbaya maisha mabaya. Tunakumbuka Rigathi Gachagua mwaka 2023, akiwa naibu wa rais, akifananisha serikali na kampuni yenye hisa, ati waliowekeza kura ndio wavune kwanza. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini mimi namwogopa mwandishi wa 1965 zaidi. Maneno ya hisa yana mwenyewe, unaweza kumzomea, unaweza kumtoa ofisini, na kweli alitolewa mwaka uliofuata. Aya ya 133 inaongea kama hesabu. Utamzomea nani?

Na haijastaafu. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa kuwaunganishia wananchi stima, bei ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mradi mzuri, najua watu walioacha koroboi kwa sababu yake. Sharti lake: nyumba iwe ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Basi pima mwenyewe. Kiambu au Kisii, mita 600 ni kijiji kizima. Kwa mfugaji wa North Horr, transfoma ya karibu iko wapi hata aanze kuhesabu hatua? Hakuna aliyeandika kwamba kaskazini wasipewe. Hakukuwa na haja.

Mtu angeweza kuitetea aya hii kwa kusema kaskazini hakukuwa na cha kuwekezea. Sawa. Halafu ikagunduliwa kwamba kuna upepo. Karibu na Loiyangalani, Marsabit, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, kwenye ardhi ya ekari 150,000 ambayo mahakama kule Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hatimiliki zake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Maliasili hiyo hapo, tena ya kwanza kwenye orodha ya 1965. Kumbe orodha ilikuwa na mwelekeo pia. Laini ya zaidi ya kilomita 400 ilijengwa kupeleka umeme huo Suswa, halafu huku kwetu. Laini nyingine inatoka Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000, nayo inapita Marsabit na kuishia Suswa hiyo hiyo. Miji ya Marsabit yenyewe? Mji mkuu wa kaunti uliishi miaka na miaka kwa jenereta za dizeli. Moyale imekuwa ikiletewa stima na Ethiopia.

Mhandisi atakwambia huwezi kutoboa laini ya kilovolti 400 kama bomba la maji. Unahitaji kituo cha kupunguzia nguvu, ni ghali, na watu wametawanyika. Ni kweli kabisa. Ila mitambo ilikamilika 2017 na laini haikuwa tayari hadi Septemba 2018, na kwa muda huo mkataba ulidai mwekezaji alipwe kwa umeme ambao haukusafiri popote. Mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo nikisikia neno "ghali" nauliza tu, ghali kwa nani, kwa sababu pesa za kulipia upepo uliosimama zilitafutwa.

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Maelezo ya kwanza yakaelekeza kidole kwa mitambo ile ya Loiyangalani. Kampuni ikakana, ikasema hitilafu ilianzia kwenye gridi. Mimi nilikuwa Kayole, kazi ya mteja imekwama kwenye laptopu, natukana kama wengine. Huo ndio usiku ambao Nairobi ilitamka jina la Loiyangalani kwa wingi, na ilikuwa kulalamika. Watu wa kule bado husema wanaenda "Kenya" wanaposafiri kuja huku, nasi hucheka tukidhani ni utani.

Kuna maandishi mengine ya kusoma kando ya aya ile. Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 inatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyotengwa, na inataja huduma kwa majina: maji, barabara, afya, umeme. Umeme hapa sio sababu ya kupewa, ni kitu unachopewa kwa sababu huna. Ni sentensi ya 1965 iliyogeuzwa ndani nje, na sijui kama waandishi wake walikusudia hivyo, lakini ndivyo inavyosomeka. Fedha zake zimetoka kwa kuchelewa na kwa kesi. Na ibara yenyewe ina tarehe ya mwisho: miaka 20, yaani Agosti 2030, Bunge lisipoongeza muda. Aya ya 133 haikuwekewa tarehe.