Kejeli na Fumbo katika Nyimbo za Remmy Ongala

Mgogoro wa vina na mizani, uliopamba moto baada ya kuchapishwa kwa Kichomi (1974) cha E. Kezilahabi, uliwafanya wahakiki wa ushairi wa Kiswahili waukazie macho ukurasa. Wanamapokeo na wanamabadiliko walipingana juu ya mengi, lakini shairi walilobishania lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, lile lililoandikwa. Katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, wakati huo huo, utunzi uliendelea bila kungoja hukumu yao. Miongoni mwa waliopuuzwa kwa sababu hiyo ni Remmy Ongala (1947–2010).

Mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestre Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Magitaa yake ni ya rumba ya Kikongo. Juu yake, hata hivyo, hukaa sauti ya mtu anayezungumza na jirani zake: mara huhubiri, mara hulalama, mara hutania. Msikilizaji wa mara ya kwanza hunaswa na mdundo. Maneno humfikia baadaye, na pengine huwa amekwisha kucheka kabla hajang'amua kwamba anayechekwa ni yeye mwenyewe.

Ufundi huu hauna budi kuchunguzwa katika lugha. Tuchukue anwani "Kipenda Roho", wimbo uliomo katika Songs for the Poor Man (1989). Hiyo ni nusu ya methali tu. Nyama mbichi imeachwa mdomoni mwa msikilizaji, naye huimalizia mwenyewe. Mafumbo ya taarabu hutumia mbinu iyo hiyo, na hakuna mhakiki anayeyanyima hadhi ya ushairi.

Mfano ulio mzito zaidi ni "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kutumia mipira. Istiari yenyewe ni ya kihuni kidogo, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Soksi ni vazi la kila siku. Hufuliwa, huanikwa uani mbele ya wakwe na watoto, wala hakuna anayeinamisha uso. Kwa neno moja Ongala alikiondoa kitu hicho gizani alikokificha haya ya watu. Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Kwa wimbo wenye fumbo jepesi kiasi hicho, katazo hilo lathibitisha kwamba waliokataa waliufumbua vizuri sana.

Huenda ikadaiwa kwamba maneno haya, yakinukuliwa karatasini, huonekana makavu na yenye kujirudiarudia. Dai hilo ni la haki, lakini utenzi nao hupungukiwa unaposomwa kimoyomoyo. Marudio ya Ongala ni ya mtu anayesisitiza hoja barazani, na kila rudio huja na lahani yake.

Udhaifu wake uko kwingine. Katika Mambo (1992), zipo nyimbo alizoimba kwa Kiingereza ili wasikilizaji wa Ulaya wamwelewe. Magitaa hayakupoteza kitu. Kejeli, iliyokuwa ikiishi kwa methali zilizokatwa katikati, haikupata wa kuimalizia.