Karani wa Shule na Daftari Lake

Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako vita vimewahamisha watu mara kwa mara, karani wa shule ya sekondari apokeaye wanafunzi wapya aghalabu haonyeshwi buletini ya alama wala cheti, kwani vimesalia nyumbani au vimeteketea. Mbele yake yupo kijana tu, na mzazi aliyechoka. Huuliza bila haraka: “Mwanangu, prefe, mkuu wa shule yenu, alikuwa nani? Mlifika wapi katika aljebra?” Majibu huyapima kwa palmare, yaani orodha ya matokeo, ya shule alikotoka kijana, ikiwa imesalimika, ndipo amwonyeshe darasa.

Walakini hawezi kumweka mtu mahali asipopajua. Hivyo huijua shule yake kinaganaga: chumba kipi kimegeuka malazi ya waliokimbia, mwalimu yupi hajarudi, dawati lipi lastahimili wanne. Maarifa hayo, ambayo nadhani wakaguzi hawayaulizi, huyapata kwa kuzunguka kabla ya kengele. Na maadamu elimu bure iliyoanza 2019 ni ya msingi, si ya sekondari, yeye pia ndiye amwombeaye mhitaji muda wa kulipa karo. Kisha huandika jina herufi kwa herufi, maana likikosewa leo litamsumbua mwenyewe siku ya Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari.