Ngazi ya Hart na Ridhaa ya Mtoto

Mwaka 1992 shirika la UNICEF lilichapisha, kwa Kiingereza, insha ya Roger Hart juu ya kuwashirikisha watoto. Waitajao aghalabu hukumbuka jambo moja tu, nalo ni mchoro wa ngazi yenye vipandio vinane. Vipandio vitatu vya chini Hart havihesabu kuwa ushirika: mtoto kutumiwa asijue atumiwalo, mtoto kuwekwa kama pambo, na mtoto kuitwa aseme ilhali maneno yake hayana uzito. Kwa kuzitaja aibu hizo waziwazi amewafaa watafiti, maana ni nani asiyepata kuona watoto wakipangwa mstari na kuwaimbia wageni habari wasiyoielewa?

Walakini ngazi hupima ni nani aliyeanzisha kazi na ni nani aliyekata shauri. Haituambii tutajuaje kama mtoto amekubali kweli. Hati zetu za utafiti huandika “ridhaa”. Ruhusa hutolewa na mkubwa, mzazi au mwalimu. Ridhaa hutoka moyoni, nayo ni ndugu ya radhi, na kwa desturi mtoto ndiye aombaye radhi kwa wazazi wake. Sasa aja mgeni, mtu mzima, ameletwa na mwalimu mkuu. Mtoto amwamkia shikamoo, kisha aulizwa kama yu radhi kuhojiwa. Atajibu nini ila ndiyo? Jibu hilo ni adabu, si hiari, na mtafiti aliandikaye kuwa hiari ameandika uongo bila ya kujua.

Naona afadhali njia ya Alison Clark na Peter Moss, waliyoieleza mwaka 2001 baada ya kufanya kazi na watoto wadogo huko London. Mtoto hupewa kamera apige picha za mahali anapopaona muhimu, tena humwongoza mtafiti kuzunguka. Aongozaye aweza kuchoka, akageuza njia, akaenda zake kucheza. Na hapo amekataa pasipo kumvunjia mtu heshima. (Kamera nayo ina hatari yake, kwani hutoa nje mambo ya ndani ya nyumba.)

Hart mwenyewe, mwaka 2008, aliandika kwamba ngazi yake imefuatwa kama kipimo kuliko alivyokusudia. Basi kabla ya kutafsiri hati nyingine za ridhaa, ingefaa tukusanye maneno wayatumiayo watoto wenyewe wanapokataa: “nimechoka”, “sijui”, “mama ananiita”. Hili la mwisho nimelisikia mara nyingi, na mama hakuwa ameita.