Ile "had" ya Mkuu wa Wilaya

Kuna mhariri aliwahi kunirudishia hadithi akiwa amefuta kila "had" niliyoandika. Eti inachosha msomaji. Weka past simple tu, stori isonge. Ushauri huu umeenea sana siku hizi, na kuna mahali unaua maana kabisa.

Chukua ukurasa wa mwisho wa Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958). Okonkwo amejinyonga. Mkuu wa Wilaya anarudi zake kortini akiwaza kitabu anachotaka kuandika. Huyu marehemu anaweza kupewa sura nzima, anawaza, kisha anapunguza: labda aya moja tu. Halafu Achebe anatuambia kuhusu jina la kitabu hicho, na hapo kitenzi cha kuchagua kinakuja na had.

Sasa weka "chose" tu. Kiingereza hakina -ka- yetu, kwa hivyo chose katikati ya masimulizi tungeisikia kama "akachagua": ameona maiti, amewaza, akachagua jina. Angalau kifo kingekuwa kimemgusa kidogo. Had inakataa hiyo njia. Alikuwa ameshachagua. Jina lilikuwepo kabla ya kamba, na kilichobaki ni kutafuta watu wa kujaza kurasa. Wahakiki husifu kejeli ya jina lenyewe, na kweli linachoma, lakini mimi naona ukatili uko kwenye kitenzi.

Si ati kila had ibaki. Achebe mwenyewe si mbahili wala si mlafi nayo. Ukurasa wa kwanza anaitumia kutwambia kwamba Okonkwo, akiwa na miaka 18, alikuwa ameletea kijiji chake sifa kwa kumbwaga Amalinze. Akishafungua huo mlango anaachana nayo, na mieleka inaendelea kwa past simple, ngoma na filimbi, kama inatokea mbele yetu. Hapo mhariri wangu angefurahi.

Mwishoni, ndani ya kichwa cha Mkuu wa Wilaya, Okonkwo hapati hiyo nafasi. Kumuua tarishi na kujinyonga vimefungwa pamoja chini ya had moja, na hakuna past simple inayokuja nyuma yake kutuonyesha vile ilivyokuwa.