Tuzo na Thamani ya Sinema

Msomaji, tuzo ni heshima, lakini heshima si kipimo cha kila thamani. Atakaye kuijua sinema njema yampasa aitazame kwanza, kisha ndipo asikie waamuzi wamesema nini. Atanguliaye kusikia hutazama kwa macho ya wengine.

Tutwae mfano wa Supa Modo, sinema ya kijijini iliyoongozwa na Likarion Wainaina, Mkenya, ikatolewa mwaka 2018. Kisa chake si kigumu. Jo, mtoto wa kike wa miaka tisa, ana maradhi yasiyo dawa. Mama yake amtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili amalizie siku zake nyumbani. Mtoto huyu apenda mno sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Basi dada yake, Mwix, awashawishi wanakijiji wamfanye aamini kuwa yeye naye anazo. Mwishowe kijiji kizima chashiriki kutengeneza sinema ambayo shujaa wake ni Jo.

Uzuri wa kazi hii ni kuwa yasimulia habari ya mauti kwa kicheko, wala kicheko hicho hakiyafanyii mauti dharau. Mama ni mkunga: aliyezoea kupokea uhai sasa hana budi kuusindikiza. Anapoukataa mchezo wa Mwix hatumchukii, kwa kuwa twaona kwamba wote wawili wampenda mtoto, ila kwa njia mbali mbali. Upungufu wake ni kwamba baadhi ya wanakijiji wamebaki vivuli. Wakubali upesi, na hatujui kukubali huko kwawagharimu nini.

Huko Berlin, mwaka huo wa 2018, baraza la waamuzi watoto liliitaja sinema hii kwa sifa ya pekee. Sifa hiyo si ndogo. Mtu mzima aweza kusifu kwa huruma. Mtoto akichoka hutazama pembeni.

Kisha Kenya iliiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar, lakini haikuingia katika orodha ya mwisho. Mwaka huo huo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilikuwa sinema ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku kwa sababu yasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu, jijini Nairobi, iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, maana sharti la Oscar lilitaka sinema iwe imeonyeshwa kwao. Watazamaji wakaujaza ukumbi wa Prestige, katika Barabara ya Ngong, magharibi ya jiji. Hata hivyo nafasi ilikuwa moja tu kwa kila nchi, nayo ikaangukia Supa Modo.

Waona basi, msomaji, kwamba tuzo hupita katika milango mingi kabla ya kufika kwenye sanaa yenyewe: sheria, masharti, nafasi na kumbi. Aliyekosa nafasi hakushindwa kwa ubora, wala aliyeipata hakuthibitishwa kuwa bora. Na liko jambo zito zaidi. Kumbi ziko mjini. Mtoto wa kijiji kama cha Jo, ambaye habari hii ni yake, ndiye aliye mbali nazo kuliko wote. Sinema ya kijiji ikisifiwa Berlin na isifike kijijini, heshima yake ni nusu. Nusu ya pili haitolewi na waamuzi, bali na watu wake watakapoitazama na kujitambua.