Mahali pa Kusimama

Nguzo ikishamwagwa zege, kilichomo ndani hakionekani tena. Nondo ni ngapi, ringi zimefungwa kwa umbali gani, nafasi iliyoachwa kati ya nondo na mbao ni kiasi gani: yote yanafungiwa humo kwa miaka 50 au zaidi, na mpangaji wa ghorofa ya saba hana njia ya kuyajua. Analala na kuamka juu ya neno la watu waliokuwepo kabla zege halijamwagwa. Ndiyo maana ipo kazi moja katika ujenzi inayostahili sifa nyingi kuliko inazopata. Ni kazi ya mhandisi wa ubora anayekaa mezani, wiki kadhaa kabla lori la kwanza halijafika saiti, akiandika nini kitakaguliwa, lini, na nani, kwa kipimo gani, na ni wapi kila mtu aweke chini koleo mpaka aliyetajwa kwa cheo chake aseme endelea.

Mpango huo wa ukaguzi na upimaji ni jedwali lisilo na urembo. Kila mstari una kazi inayokaguliwa, kifungu cha mkataba kinachoitawala, kiasi kinachokubalika, mara ngapi ipimwe, nani apime, nani ashuhudie, na ushahidi gani ubaki. Kwa miaka mingi jedwali lilichapwa, likatiwa saini, likafungiwa kwenye faili, na saiti ikaendelea na mambo yake. Siku hizi linajengwa ndani ya programu za usimamizi wa ujenzi kama Procore ya California, Aconex iliyoanzia Melbourne mwaka 2000, au Autodesk Build, na kila mstari unageuka swali linalomngoja msimamizi kwenye kishikwambi chake. Wapo wanaodhani huko ni kunakili tu, kazi ya karani. Ukikaa karibu na mtu anayeifanya vizuri utaona kwamba kutwa nzima anaamua.

Uamuzi mzito kuliko yote ni wapi kazi isimame. Mpango una vituo vya namna mbili. Kwenye kituo cha kushuhudia, mhandisi mshauri anapewa taarifa. Akifika ni vizuri, asipofika muda ukipita kazi inaendelea. Kwenye kituo cha kusimama hakuna njia ya kupita: bila ruhusa, zege halimwagwi. Mtu mgeni wa kazi hii huwa na hamu ya kuweka vituo vya kusimama kila mahali, akidhani ndiyo ukali. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kusimamia saiti. Mafundi wanashinda wakisubiri, mkandarasi analalamika, na mhandisi mshauri aliyelemewa na maombi anaanza kutia saini bila kutoka ofisini. Kituo kinabaki kwenye maandishi, lakini hakimsimamishi mtu.

Mzoefu anauliza swali moja kwa kila mstari: je, hatua inayofuata itafunika hii? Nondo zitafunikwa na zege, kwa hiyo hapo pasimame. Utando wa kuzuia maji utafunikwa na kifusi; pasimame. Mabomba yatafunikwa na dari. Yajazwe maji kwa shinikizo kwanza, yapimwe, ndipo dari ifungwe. Rangi ya ukuta inaonekana miaka yote na kurudiwa kwake ni gharama ndogo, basi hiyo ikaguliwe kazi ikiendelea.

Baada ya hapo kuna namna ya kuuliza, na hapa ndipo ustadi unapoonekana zaidi. Fomu nyingi huuliza: "Nondo zimepangwa kulingana na mchoro?" Ndiyo, hapana. Swali la aina hiyo linajibiwa kivulini, chini ya mwembe, na mtu mwaminifu kabisa ambaye amechoka na ana nguzo nyingine 11 za kukagua kabla ya saa nane. Mtunzi mzuri anaandika: "Nafasi ndogo kuliko zote kati ya nondo na mbao ni milimita ngapi?" Anafunga kisanduku kisipokee kitu ila namba, anaweka kikomo nyuma yake, na anadai picha yenye futi ndani yake. Sasa msimamizi hawezi kujibu bila kuinama. Anazunguka nguzo na kukuta upande mmoja kizimba cha nondo kimeegemea mbao. Mchoro unataka milimita 40, futi inasoma 22. Anaandika 22. Programu inakataa kufunga ukaguzi na kufungua taarifa ya kasoro papo hapo, yenye picha, mahali na jina la kiongozi wa mafundi. Mafundi wanavuta kizimba, wanachomeka vijiwe vya kukiweka sawa, na futi inarudi. Inasoma 41. Picha ya pili inaingia, na ruhusa inatoka.

Milimita 19 zilizopatikana pale si jambo dogo kwa jengo la Tanga, Mombasa au Mji Mkongwe. Chumvi ya bahari hupenya zege polepole kuelekea kwenye chuma, na unene wa zege ulioachwa juu ya nondo ndio unaoamua itachukua miaka mingapi kufika. Chuma kikipata kutu hutanuka, na zege linapasuka kutoka ndani. Anayetembea kwenye majengo ya karibu na maji ameziona boriti zilizobanduka na nondo nyekundu zikichungulia.

Zege lenyewe lina tabia ya kuudhi: linatoa jibu baada ya muda. Lori likifika, mtaalamu wa maabara anajaza koni ya slampu yenye urefu wa milimita 300, matabaka matatu, kila tabaka likidungwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha anainyanyua koni na kupima zege limeporomoka kiasi gani. Hilo linajulikana baada ya dakika chache. Nguvu yake haijulikani hivyo. Zinatengenezwa kyubu za milimita 150 kila upande, zinatiwa kwenye maji, na kuvunjwa kwenye mashine, nyingine baada ya siku 7 na nyingine baada ya siku 28. Siku ya 28 ikifika, juu ya slabu iliyomwagwa zege hilo huenda pameshaota ghorofa nyingine mbili. Kwa hiyo mpango lazima ujue kalenda. Programu iliyopangwa vizuri inahesabu siku tangu tarehe ya kumwaga, inaikumbusha maabara, na inapiga kengele kama matokeo ya siku ya 7 ni dhaifu, wakati bado pana nafasi ya kusimamisha kazi ya juu.

Na hapo kuna mtego kwa anayependa njia ya mkato. Kanuni za Marekani za ACI 318, zinazotumika hata nje ya nchi hiyo, hazitosheki na kuangalia jibu moja moja. Wastani wa vipimo vitatu vinavyofuatana lazima ufikie nguvu iliyokusudiwa, na, kwa zege la kawaida lisilozidi megapaskali 35, kipimo chochote kimoja kisipungue chini ya hapo kwa zaidi ya megapaskali 3.5. Kwa kanuni hiyo, kipimo cha megapaskali 23 kwenye zege la 25 kinaweza kukubalika, na mfululizo wa 24, 24, 24 ukakataliwa. Kisanduku cha "kimefaulu, kimeshindwa" hakiwezi kuliona hilo. Anayetengeneza mpango inabidi aelewe kanuni inataka nini, kisha aifundishe programu kupanga matokeo kwa mfuatano, aina moja ya zege mbali na nyingine. Asitegemee programu ije na akili hiyo kutoka kwenye boksi.

Udongo una hadithi yake. Usiku wa Machi 12, 1928, bwawa la St. Francis lililokuwa likiilisha maji Los Angeles lilivunjika na kuua mamia ya watu. Miaka michache baadaye idara ya maji ya jiji hilo ikajenga mabwawa ya udongo ya Bouquet Canyon kuchukua nafasi yake, na mhandisi wake Ralph Proctor akachapisha mwaka 1933 njia ya kujua udongo fulani ukishindiliwa hufikia uzito gani wa juu kabisa, na kwa unyevu kiasi gani. Mpaka leo barabara za Afrika Mashariki hujengwa kwa kipimo kilichotokana na chake. Mkataba husema tabaka lishindiliwe hadi asilimia 95, tuseme, ya uzito ule wa maabara. Fundi wa maabara anachimba kishimo kwenye tabaka, anapima udongo uliotoka, anakijaza kishimo mchanga maalumu ili kujua ujazo wake, kisha anapiga hesabu.

Asilimia 95 ya nini? Hapo ndipo mpango mbovu unapojifichua. Mkandarasi akihama kutoka machimbo fulani ya kifusi kwenda mengine, udongo umebadilika, na uzito wa juu wa maabara nao umebadilika. Mpango uliomwachia mtu wa saiti aandike asilimia tu utapokea 97, 99, hata 104, na kila mtu atafurahi. Mpango mzuri hauruhusu asilimia iandikwe kwa mkono. Unadai jina la machimbo, unachukua wenyewe kipimo cha maabara cha machimbo hayo, unapiga hesabu, na jibu likizidi mno 100 unauliza maswali kama vile ambavyo ungeuliza likipungua. Tabaka la kilomita 12+200 hadi 12+400 linabaki limefungwa mpaka lieleweke, na lori la tabaka linalofuata linageuza.

Hong Kong ilijifunza kwa gharama kubwa uzito wa kumbukumbu hizi. Mwaka 2018 iliibuka kwamba katika upanuzi wa kituo cha reli cha Hung Hom baadhi ya nondo zenye meno ya skrubu zilikuwa zimekatwa ncha badala ya kukazwa kikamilifu ndani ya viunganishi vyake. Tume ya uchunguzi ikaundwa. Zege lililokuwa limekwisha kukauka likafukuliwa sehemu mbalimbali ili viunganishi vionekane, na uchunguzi ulipopanuka ikagundulika kwamba kwenye mahandaki jirani fomu nyingi za kuomba ukaguzi hazikuwepo kabisa. Wahandisi walisema walikagua. Huenda walikagua kweli. Karatasi ya kuthibitisha haikuwepo. Ripoti ya mwisho ya tume, iliyotolewa mwaka 2020, ilikubali kwamba miundo hiyo ni salama baada ya hatua za marekebisho, ila ilieleza kwa kirefu udhaifu wa usimamizi. Katika kipindi hichohicho serikali ya huko ilianza kudai usimamizi wa kidijitali kwenye mikataba mikubwa ya kazi za umma.

Huku kwetu majina ya kukumbuka ni mazito zaidi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua, jengo la Huruma jijini Nairobi lilianguka na kuua wapatao 50. Novemba 16, 2024, ilikuwa Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya 20 wakafa. Jengo lililopandishwa bila mhandisi halitaokolewa na kishikwambi, na ingekuwa dharau kwa waliofiwa kudai hivyo. Lakini pale ambapo mhandisi yupo, mkandarasi amesajiliwa na michoro imepitishwa, bado kuna pengo kati ya mchoro na kile kinachomwagwa asubuhi ya Jumamosi, mwenye jengo akihimiza na lori la zege likiwa limekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela huku zege likianza kuwa gumu ndani yake. Pengo hilo ndilo eneo la kazi la mtu huyu. Yeye ndiye aliyeandika, mwezi mmoja kabla, kwamba lori likifika waulize saa ya kupakia, wapime joto la zege, wapime slampu, na kama imepita kikomo lori lirudi. Aliyeko saiti Jumamosi hiyo halazimiki kubuni ujasiri wa kukataa peke yake; uamuzi ulishafanywa na kutiwa saini na pande zote wakati hakuna aliyekuwa na haraka.

Mengine ni ya uvumilivu. Saiti nyingi mtandao unakatika, kwa hiyo fomu lazima zijazwe bila intaneti na kupanda baadaye, zikiwa na saa ya kujazwa na saa ya kupokelewa. Majina ya mahali lazima yakubaliwe siku ya kwanza. Maabara ikiandika "slabu ya 2" na saiti ikaandika "ghorofa ya 1" wakimaanisha kitu kilekile, kyubu zitavunjwa na matokeo hayatampata mwenyewe. Anayejua kazi huchora mti mzima wa mahali, jengo, ghorofa, mhimili, nguzo, na kuifanya maabara ichague kutoka humo.

Na anapomaliza anatoka mezani. Anakwenda na msimamizi kwenye nguzo za mwanzo, anasimama nyuma yake na kutazama kidole kinasita wapi. Kuhusu swali linalorukwa kila mara anauliza: halieleweki, au halina maana? Lisilo na maana analifuta. Lisiloeleweka analiandika upya kwa maneno ya mafundi wenyewe, pamoja na picha ya namna ya kushika futi. Lile ambalo fundi mkongwe wa nondo anasema lilipaswa kuwepo, kuhusu mahali ringi zinapobanana chini ya boriti na zege linashindwa kupita, analiongeza na kulipeleka kwa mhandisi mshauri lipitishwe. Toleo la pili linaanza kutumika Jumatatu kwa ghorofa inayofuata. Nguzo za chini zinabaki na maswali ambayo zilikaguliwa nayo, tarehe zake na saini zake, ili atakayetaka kuongeza ghorofa miaka 20 ijayo ajue hasa ni nini kilichoulizwa.