Alivunja Albon, Akalipa Sargeant

Tangu Carlos Sainz apande jukwaani Baku Septemba 2025, na Williams kumaliza msimu ule nafasi ya 5, James Vowles, mkuu wa timu hiyo ya Fomula 1, hashikiki. Wachambuzi wote sasa wanamwita mjenzi. Sawa, amejenga. Mimi bado niko Melbourne, Ijumaa ya tarehe 22 Machi 2024, na sijasikia hoja iliyonishawishi kwamba alichoamua siku ile kilikuwa sahihi.

Walioamka alfajiri kutazama mazoezi ya kwanza wanakumbuka. Albon, dereva wa Williams, anatoka kona ya 6 pale Albert Park, anapanda ukingo kupita kiasi, nyuma inamponyoka, anaubamiza ukuta, kisha gari linarudi kuvuka barabara likiwa halifai tena. Giaboksi imevunjika. Vishikio vya injini vimepinda. Chasisi imepasuka pembe ya mbele kulia, pale saspensheni inapofungwa. Giaboksi unabadilisha, injini unabadilisha, lakini kaboni iliyopasuka mahali kama pale huizibi usiku mmoja ugenini halafu ukamwambia mtu aende nayo kilomita 300 kwa saa. Chasisi ya akiba haikuwepo. Ya tatu ilikuwa bado haijakamilika kiwandani Grove.

Gari zima lililobaki lilikuwa namba 2, la Logan Sargeant, kijana ambaye siku ile hakugusa ukuta wowote. Alikuwa ameendesha vipindi vyote viwili vya mazoezi, wakati Albon kile cha pili alikitazama kama mimi na wewe. Vowles akampokonya Sargeant gari, akampa yule aliyevunja la kwake.

Utetezi wake mnaujua. Mwaka 2023 Williams ilikusanya pointi 28, na 27 kati ya hizo zilikuwa za Albon. Katika mbio 22 za msimu ule, Sargeant hakuwahi kufuzu mbele yake hata mara moja. Huku katikati ya msimamo pointi moja inaweza kukupandisha nafasi nzima, na nafasi ni mamilioni ya dola. Kwa hiyo, mwenye kasi apewe gari.

Hesabu hiyo ina tundu, tena kubwa. Pointi 27 zinampima Albon akiwa ndani ya gari lake, lililopangwa kwa miguu na mikono yake, akiwa amefanya mazoezi yote. Jumamosi aliingia kwenye gari lililotayarishwa kwa mtu mwingine, akiwa na saa moja tu ya mazoezi kabla ya kufuzu. Halafu gari lenyewe ni FW46, ambalo lilikuwa limetoka Bahrain na Jeddah bila pointi hata moja. Tuseme mambo yote yangenyooka: ungetegemea nafasi ya 10, labda ya 9. Pointi moja au mbili. Hicho ndicho kilichowekwa kwenye mzani, na upande wa pili wa mzani palikuwa na moyo wa dereva mwenye mbio 21 za msimu mbele yake.

Na pointi yenyewe haikuja. Albon alifuzu wa 12, akamaliza wa 11. Alimaliza wa 11 siku ambayo Verstappen aliachishwa na breki mapema, injini ya Hamilton ikafa, na Russell akaishia ukutani mzunguko wa mwisho. Magari matatu ya wakubwa yaliondoka yenyewe, mlango ukawa wazi, na bado Williams haikupita.

Tazama waliokuwa mbele yake: Hülkenberg wa 9, Magnussen wa 10. Haas zote mbili. Wiki mbili kabla, Jeddah, Magnussen aliyekuwa amebebeshwa adhabu za sekunde 20 (mojawapo kwa kumgonga huyohuyo Albon) aliufunga msururu nyuma yake ili Hülkenberg aingie piti na kutoka akiwa na nafasi yake. Wengine waliita uhuni. Mimi niliita kazi ya timu ndogo inayojua kwamba ina magari mawili. Melbourne Williams ilikwenda vitani na jicho moja, na isingeweza kuvizia mtu.

Lakini Ijumaa usiku gari lilikuwa moja tu, mtaniambia, na lazima mmoja akae. Kweli. Basi akae aliyevunja. Ndivyo mchezo huu ulivyo kila mahali: kwenye Safari Rally pale Naivasha, siku chache tu baada ya Melbourne, dereva akilikunja gari analala na mkunjo wake, hamwamshi mwenzake kumwomba funguo. Ukimwondolea aliyekosa gharama ya kosa lake, ukamtwisha asiyekosa, umewafundisha madereva wote wawili jambo baya kwa wakati mmoja.

Kuna mtu atanitolea Monza 1956, Peter Collins alipomwachia Fangio gari la Ferrari ili achukue ubingwa, huku Collins mwenyewe akiwa bado na nafasi ya kuutwaa. Asante kwa kunikumbusha. Kabla ya Collins kulikuwa na Luigi Musso. Aliingia piti, akatakiwa ashuke, akakataa, akaondoka na gari lake. Collins aliombwa akakubali kwa hiari, na ndiyo sababu bado tunalitaja jina lake kwa heshima. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa aliyekuwa kwenye usukani. Sargeant alipewa taarifa.

Sishangai lakini. Hockenheim 2018, Vowles akiwa mkuu wa mikakati Mercedes, ni sauti yake iliyoingia redioni kumwambia Bottas abaki nyuma ya Hamilton. Dereva wa pili kwake ni namba ya kusawazishia hesabu.

Na hesabu ndiyo lugha ya nyumba ile siku hizi. Dorilton Capital ya New York iliinunua timu Agosti 2020 kwa yuro milioni 152, na mwezi uliofuata, Monza, familia ya Williams ikaaga. Tukaambiwa fedha zimefika na nidhamu ya kampuni imefika. Vowles alipoingia mwanzoni mwa 2023 alikuta vipuri kama 20,000 vya gari vinafuatiliwa kwenye jedwali la Excel. Akaamua kubadilisha mfumo mzima pamoja na namna ya kuunda chasisi, na hilo simlaumu, lilihitajika. Ila mageuzi ya namna hiyo yana gharama, na gharama yake ilikuwa magari kuchelewa na chasisi ya tatu kukosekana. Vowles mwenyewe alikiri kwamba kwa zama hizi timu kwenda mbioni bila chasisi ya akiba haikubaliki. Kwa hiyo deni lilikuwa la kiwanda na la bodi. Lililipwa na kijana wa Florida.

Frank Williams hakuwa malaika, hilo nalijua. Damon Hill alikuwa anaongoza ubingwa wa 1996 alipopata habari kwamba mwakani hana kazi. Lakini gari lake aliachiwa hadi Suzuka, na Suzuka akawa bingwa. Miaka kumi kabla yake, mafahali wawili, Mansell na Piquet, waliwekwa zizi moja bila mmoja kufungwa kamba. Adelaide tairi la Mansell likapasuka, Prost akapita na taji la madereva. Williams ikabaki na taji la timu na haikumwomba mtu radhi. Huyohuyo Prost, miaka saba baadaye, alishinda Kyalami ndani ya Williams, mbio za mwisho za Fomula 1 kufanyika Afrika. Tangu 1993 michuano hii inakwenda kila penye hundi nono, sisi tumeachiwa kuamka saa kumi usiku.

Nikirudi Albert Park: wanaoamini jedwali waniambie lingesema nini mwaka 2002. Minardi ya Paul Stoddart, timu maskini kuliko zote, ina Mark Webber katika mbio zake za kwanza kabisa, amefuzu wa 18. Rekodi yake ni sifuri. Kona ya kwanza magari manane yanakwisha kwa mpigo, na Webber anamaliza wa 5 mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mwenzake Alex Yoong akawa wa 7, enzi ambazo pointi ziliishia nafasi ya 6.

Mafundi wa Williams waliirudisha chasisi ya Albon Grove, wakaikarabati, ikawa tayari kwa Suzuka. Kazi safi.

Na nadhani mnakumbuka nani alipewa chasisi hiyo iliyokarabatiwa: Sargeant. Akaigonga kwenye mazoezi ya kwanza, na waliotetea uamuzi wa Melbourne wakasema, mnaona? Mimi niliona dereva aliyeambiwa hadharani kwamba hata asipokosea gari si lake, akijaribu kuthibitisha kitu ndani ya saa moja. Hakupata pointi hata moja msimu ule. Agosti, Zandvoort, aliliteketeza gari kwenye mazoezi ya tatu, na kabla ya Monza kiti kikawa cha Franco Colapinto. Mbio za pili tu, Baku, Colapinto akamaliza wa 8 na kuondoka na pointi 4, nyuma ya Albon aliyekuwa wa 7. Ni pointi 4 za dereva wa pili, kwenye gari ambalo wikiendi nzima hakuna aliyemwambia ashuke.